Heshima sio kunyamaza: hotuba kuhusu Confucius na viongozi wa leo

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari zenu. Hii ni ile hotuba ya ukumbini, walioikosa waliomba niiandike, kwaiyo nimeiweka kama nilivyoisema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Mada niliyopewa ni maadili ya Confucius na nafasi yake kwenye jamii na serikali za leo. Sasa ukimtaja Confucius wengi wanamwona mzee wa Kichina mwenye ndevu ndefu, na ukiwauliza alifundisha nini wanajibu chapchap, alifundisha utii, mtoto amtii baba, mke amtii mume, raia amtii mfalme, na ukishatii kaa kimya. Wapo wakubwa wengi, China yenyewe na nchi za jirani yake, walioipenda sana hiyo tafsiri kwa karne nyingi maana inawaachia wafanye watakavyo. Mimi nimekuja kubishana nayo. Nasema ukiyasoma yale mafundisho kwa makini utakuta mzigo mzito kabisa kabebeshwa mkubwa, na utakuta kwamba mdogo akikaa kimya wakati mkubwa anakosea hapo hajamheshimu, amemtelekeza.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 551 KK kwenye dola ndogo ya Lu, pale ulipo mji wa Qufu mkoa wa Shandong leo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, mama akamlea kimaskini. Alipokuwa kijana akafanya kazi za kawaida kabisa, mara mtunza ghala la nafaka, mara msimamizi wa mifugo. Mencius, mwanafalsafa aliyekuja zaidi ya miaka mia moja baadae, anasimulia kwamba pale ghalani alichokuwa anasema ni hesabu zangu ziwe sawa, na kwenye mifugo alisema ng'ombe na kondoo wanenepe, basi. Mi napapenda sana hapo, maana huyu aliyekuja kuwafundisha watawala alianza kwa kuhakikisha nafaka ya watu haipotei. Baadae akapanda cheo mpaka kuwa waziri wa mambo ya jinai, kisha akaondoka Lu akazunguka na wanafunzi wake miaka karibu 14, dola hii dola ile, anatafuta mtawala mmoja tu atakayemsikiliza, hakumpata. Akarudi kwao mzee, akaendelea kufundisha, akafa 479 KK. Maneno yake waliyakusanya wanafunzi kwenye kitabu kinachoitwa Lunyu, kina sura 20, na karibu yote nitakayowasimulia kuhusu yeye yametoka humo.

Moja halimo humo, liko kwenye kitabu kingine cha zamani cha taratibu na mila, lakini siwezi kuliacha. Confucius anapita kando ya mlima Tai, anasikia mwanamke analia kaburini. Anamtuma mwanafunzi wake Zilu akamuulize, mama mbona unalia kama mtu aliyefiwa mara nyingi? Yule mama akasema ndivyo, baba mkwe wangu aliuawa na simbamarara hapa, mume wangu naye akauawa na simbamarara, na sasa ni mwanangu. Sasa mama kwa nini usihame? Akajibu, huku hakuna serikali katili. Confucius akawaambia wanafunzi, shikeni hilo vijana wangu, serikali katili inatisha kuliko simbamarara.

Serikali katili kwa wakati ule maana yake kodi isiyokwisha, kazi za lazima, vijana kuchukuliwa vitani. Yani mama kazika watatu, kapiga hesabu, kaona bora abaki na mnyama. Mtu ambaye kisa kama hicho ndo kimebebeshwa jina lake, sasa unamwitaje mwalimu wa kuwanyenyekea wakubwa?

Twende kwenye swali la Zigong. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenye akili ya biashara, anapenda kubana maswali. Akauliza utawala ni nini. Mwalimu akajibu, chakula cha kutosha, silaha za kutosha, na wananchi wawe na imani na serikali. Zigong akasema, Mwalimu, tukibanwa tuache kimoja, tuanze na kipi? Acha silaha. Na tukibanwa tena kwenye hivi viwili? Acha chakula, kufa watu wanakufa tangu zamani, lakini watu wakikosa imani na serikali hakuna kinachosimama.

Kuna watu wanasema hili jibu ni la mtu aliyeshiba. Hapana. Kwenye zile safari zake waliwahi kuishiwa chakula kabisa, wanafunzi wakaugua mpaka hawawezi kusimama, na yeye alikuwa nao hapo hapo. Na siku walipoingia dola ya Wei akaona watu ni wengi, mwanafunzi Ran You akauliza watu wengi hivi wafanyiwe nini, akasema watajirishwe, na wakishatajirika? Wafundishwe. Kwaiyo tumbo hakulidharau. Anachosema ni kwamba serikali isiyoaminika hata mkate wake watu wanaunusa kwanza. Ikileta chanjo watu wanakimbia, ikitoa takwimu watu wanaguna, ikisema msiwe na wasiwasi akiba ipo ndo kwanza watu wanakimbilia dukani kununua na kuficha. Nyie mliopo maofisini mnajua hii kitu, ukishapoteza imani ya watu kila unachofanya kinakuwa kazi mara mbili, na bajeti haiwezi kuinunua.

Sasa imani inajengwaje? Hapa kuna bwana mmoja anaitwa Ji Kang, ukoo wake ndo ulikuwa unashika nchi ya Lu kiukweli, mtawala halali amebaki jina tu. Ji Kang anasumbuliwa na wezi, anamuuliza Confucius afanyeje. Akajibiwa, kama wewe mwenyewe usingekuwa na tamaa, hata ungewalipa waibe wasingeiba. Hebu jiweke pale mbele ya mtu mwenye askari, ukoo wake umepora madaraka, alafu unamwambia wizi unaanzia kwako. Siku nyingine akauliza vipi nikiwaua waovu ili watu wema wastawi? Akajibiwa unatawala, kuua kwa nini, ukitaka mema watu watakuwa wema, mkubwa ni upepo na watu ni majani, upepo ukivuma majani yanalala upande ule. Hili la upepo na majani wengi wanalisoma kama dharau kwa raia, mi nalisoma kama mashtaka kwa mtawala, maana majani yakilala vibaya ujue tuanze kumuuliza nani.

Sheria hakuikataa, alikuwa waziri wa jinai mwenyewe. Ila alisema ukiwaongoza watu kwa amri na adhabu peke yake watatafuta tu namna ya kukwepa na aibu hawatakuwa nayo, ukiwaongoza kwa mfano mwema na adabu watakuwa na aibu na watajirekebisha. Dola ya Qin iliyoiunganisha China mwaka 221 KK ilifuata ile njia ya kwanza, ya wale wanafalsafa wa sheria kali na adhabu kali, ikachoma vitabu mwaka 213 KK, na kufika 206 KK haipo tena, miaka 15 tu.

Nije sasa kwenye kiini chenyewe, hili la kunyamaza.

Zilu alimuuliza, mtawala anatumikiwaje? Jibu: usimdanganye, mpinge usoni. Sentensi fupi hivo. Na hata kwa wazazi, ambao Confucius aliwaweka juu sana mpaka akasema kuwalisha tu bila heshima hakutoshi kwa sababu hata mbwa na farasi tunawalisha, alisema ukiona mzazi anakosea mwambie, kwa upole, asiposikia endelea kumheshimu lakini lengo lako usiliache. Alafu kuna kitabu kidogo cha zamani kuhusu heshima kwa wazazi, humo mwanafunzi wake Zengzi anauliza je mtoto akimtii baba kwa kila kitu ndo ameheshimu? Mwalimu anashtuka, maneno gani haya, maneno gani haya! Anasema zamani kaizari akiwa na mawaziri saba wa kumbishia hata kama mwenyewe hafai hapotezi nchi, na baba akiwa na mtoto mmoja wa kumbishia haanguki kwenye uovu. Mtoto kumbishia baba anayeelekea kwenye uovu hapo ni wajibu, tena wajibu wa heshima yenyewe. Sisi tuliolelewa kwamba mkubwa hakosei na akikosea hasemwi, hili linatakiwa litukae vizuri.

Na hawakuishia kwenye maneno, waliiwekea ofisi. China ilikuwa na wakaguzi wa serikali, kazi yao kuwashtaki viongozi na kumkosoa kaizari mwenyewe. Korea chini ya ufalme wa Joseon, ulioanza 1392 na kuendeshwa kwa mafundisho ya Confucius, walikuwa na ofisi nzima ya kumkosoa mfalme, na walikuwa na waandishi wa historia wanaokaa na mfalme wanaandika kila anachosema. Mwaka 1404 mfalme Taejong alikuwa anawinda paa akiwa juu ya farasi, akaanguka. Hakuumia. Akainuka, akatazama huku na huku, akasema mwandishi asijue hili. Tunajuaje leo? Kwa sababu mwandishi aliandika, kwamba mfalme ameanguka, na akaandika pia kwamba mfalme amesema asijue. Mtoto wake, mfalme Sejong, alipotaka kuisoma kumbukumbu ya enzi ya baba yake mawaziri wakamkatalia, wakamwambia ukisoma wewe na wanaokuja nyuma yako watasoma, na waandishi wataogopa kuandika ukweli. Mfalme huyo mwenye nchi yake, akarudi nyuma.

Huyo Sejong ndo yule yule aliyewatengenezea Wakorea herufi zao. Mwaka 1430 alitaka kubadili kodi ya ardhi, akaagiza watu waulizwe, maofisa na wakulima wa vijijini, wakaulizwa zaidi ya watu 172,000, waliokubali zaidi ya 98,000 na waliokataa zaidi ya 74,000. Kashinda, sio? Lakini hakukimbilia kutekeleza, aliona waliokataa ni wengi mno na wana hoja, akakaa nayo akiirekebisha mpaka 1444. Na aliagiza wanawake watumwa wa serikali wakijifungua wapewe siku 100 za kupumzika, baadae akaongeza na mwezi mmoja kabla ya kujifungua, na mwaka 1434 waume zao nao wakapewa siku 30. Likizo ya baba, karne ya 15. Utumwa wenyewe hakuufuta, na hilo lazima lisemwe.

Sasa ubishi huu una gharama na sitaki niwafiche. China, mwaka 1566, kaizari Jiajing ana miaka zaidi ya 20 haendi barazani kusikiliza shida za nchi, amejifungia anatafuta dawa ya kutokufa. Ofisa mmoja wa ngazi ya kati anaitwa Hai Rui akamwandikia barua, akamwambia wazi umeiacha nchi, wananchi wanalitania jina la enzi yako wanasema maana yake ni kila nyumba imebaki tupu. Kaizari kusoma akaitupa chini, akapiga kelele mkamateni asitoroke! Towashi aliyekuwa pembeni akasema, Mtukufu, huyu hatoroki, kabla ya kuleta barua amenunua jeneza, amemuaga mkewe, na watumishi wake wameshatawanyika. Kaizari akanyamaza. Akaiokota barua akaisoma tena na tena. Hai Rui alitupwa gerezani akahukumiwa kifo, akapona kwa sababu kaizari alikufa kwanza, mapema 1567. Alipokufa yeye mwaka 1587, akiwa amepanda vyeo vikubwa, waliokwenda kupanga mazishi wakamkuta hana kitu, ikabidi watu wachangishane.

Namheshimu sana yule bwana. Ila pia namtazama naona kasoro ya mfumo mzima. Kwa nini mtu anunue jeneza ili aseme ukweli? Confucius alitegemea mkubwa awe na moyo, na wakosoaji wawe na ujasiri, lakini hakuacha njia ya kumtoa mkubwa ambaye moyo hana. Mencius alisogea mbele kidogo, alisema wananchi ndo wa kwanza na mtawala ni wa mwisho, na alipoulizwa kuhusu mfalme dhalimu Zhou aliyepinduliwa zamani akasema sijasikia kwamba kuna mfalme kauawa, nimesikia kauawa mtu mmoja tu anaitwa Zhou. Hata hivyo mapinduzi sio utaratibu, ni damu. Kura, bunge, mahakama huru, magazeti, hivi vimetoka kwingine na mi sioni aibu kusema mafundisho yale yanavihitaji.

Kasoro ya pili ni wanawake. Mitihani ya kuingia serikalini, ambayo China iliiendesha mpaka 1905 na ambayo ilimpa mtoto wa mkulima nafasi ya kumshinda mtoto wa tajiri (walifikia kufunika majina na kunakili upya karatasi ili msahihishaji asitambue mwandiko), mwanamke hakuruhusiwa hata kukaa. Korea karne ya 15 mjane akiolewa tena wanawe wanafungiwa vyeo. Vijana wa China waliochachamaa mwaka 1919 na kutaka mafundisho ya Confucius yatupwe hawakuwa wapumbavu, waliyaona majumbani mwao. Waliokuja kuharibu makaburi na hekalu la Qufu mwaka 1966 hao siwatetei, ule ulikuwa uharibifu, lakini wa 1919 walikuwa na hoja na hoja yao bado inatudai.

Tufike leo. Miaka ya 1990 kulikuwa na mjadala mkali Asia. Lee Kuan Yew, aliyekuwa waziri mkuu wa Singapore, alisema mila za Asia zinatanguliza familia, nidhamu na jamii, na demokrasia ya Magharibi haiwezi kubebwa nzima nzima. Aliyemjibu mwaka 1994 ni Kim Dae-jung wa Korea Kusini, na huyu hakuwa mtu wa kuongea tu, mwaka 1980 serikali ya kijeshi ilimhukumu kifo. Akamjibu kwa kutumia Mencius huyo huyo, kwamba mtawala amepewa kazi na mbingu awatendee watu mema, asipofanya hivo watu wana haki ya kumwondoa, kwaiyo msituambie demokrasia ni ya wageni. Miaka minne baadae akawa rais. Na kabla yao wote, Azimio la Haki za Binadamu la 1948, mmoja wa waliolisukuma ni Zhang Pengchun, Mchina, makamu mwenyekiti wa kamisheni iliyoliandika, ndiye aliyetia Confucius kwenye ule mjadala, na neno dhamiri pale kifungu cha kwanza lina mkono wake. Taiwan mpaka leo katiba yao ina mihimili mitano, mitatu mnayoijua, wa nne unasimamia mitihani ya watumishi wa umma na wa tano unawachunguza viongozi, miwili hiyo Sun Yat-sen, mwanzilishi wa jamhuri ya China, aliichukua kwenye desturi ya zamani ya kwao. Unaona, walichofanya ni kuipa ile sauti ya mkosoaji ulinzi wa katiba ili asihitaji kununua jeneza.

Namalizia na jambo linalonisumbua bado. Bwana mmoja mtawala wa sehemu inayoitwa She alijisifu kwa Confucius, kwetu kuna kijana mnyoofu, baba yake aliiba kondoo na yeye akatoa ushahidi dhidi ya baba. Confucius akasema kwetu unyoofu ni tofauti, baba anamsitiri mtoto na mtoto anamsitiri baba. Wanaompinga wanasema hapo ndo upendeleo wa ndugu serikalini ulipozaliwa. Mi naona tusiwe na haraka. Sheria ya China ya mwenendo wa mashauri ya jinai ilirekebishwa 2012 ikasema mke au mume, wazazi na watoto wa mshtakiwa wasilazimishwe kuja mahakamani kutoa ushahidi, na Korea Kusini ndugu akimficha ndugu yake anayetafutwa haadhibiwi, kwa sababu dola inayolazimisha watoto wawashtaki wazazi imeonekana ilivyo, China iliionja miaka ya 1960 kwenye Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao. Lakini kumsitiri baba nyumbani sio kumpa baba tenda. Na hao hao Wachina wa zamani walilijua hilo, enzi za koo za kifalme za Ming na Qing ofisa alikuwa hapangwi kwenye mkoa aliozaliwa ili asihukumu wala asikusanye kodi za ndugu zake. Mpaka uko wapi hasa, pale ambapo ndugu ndo kiongozi na kondoo ni mali ya umma? Confucius hakuulizwa swali hilo, nyie mnaulizwa kila mwezi kwenye kamati zenu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwaiyo naomba tuingie kwenye maswali, na kama yupo anayeona yule kijana wa kondoo alifanya sawa ningependa tuanze naye.